Makinda Saba, Maboksi Manne: Uchambuzi wa Usiku Mmoja Vestmannaeyjar

Kisa ni cha nani

Mtu mzima aliyekosea katika kisa hiki ni mimi. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asipate taabu ya kumtafuta. Waliobaki ni watoto watatu na mama mmoja mwenyeji. Majina yao nimeyaacha, umri wa watoto nimeusogeza kidogo, na mwaka sitautaja. Mama wa watoto, wote wawili, walisoma andiko hili kwanza, na mmoja wao alinifutisha aya nzima.

Naandika kwa ajili ya wazazi, walimu na viongozi wa vikundi wanaotoka na watoto kwenda kuhudumia wanyama pori. Mambo yenyewe yalitokea mbali, kaskazini mwa Atlantiki, usiku wa kuokota makinda wa ndege wa bahari ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona kwa macho. Kosa, hata hivyo, halikuwa la huko. Lilisafiri nami kutoka nyumbani.

Mahali, ndege na taa

Vestmannaeyjar ni visiwa vilivyo kusini mwa Iceland. Kinachokaliwa na watu ni kimoja tu, Heimaey, chenye mji mmoja, bandari moja ya uvuvi na wakazi elfu nne na ushei. Watu wa huko wanajua maana ya kutoka nje usiku kwa haraka: tarehe 23 Januari 1973 ardhi ilipasuka pembeni kabisa mwa mji, volkano ikalipuka, na wakazi wote, elfu tano na zaidi, wakahamishwa usiku ule ule, wengi wao kwa mashua za uvuvi zilizokuwa zimetia nanga bandarini. Wengi walirudi baadaye, wakafukua nyumba zao kutoka kwenye majivu.

Kisa hiki nakihesabu cha Aktiki, kaskazini ya mbali ya dunia. Mwenye kushika ramani ataniambia kwamba visiwa hivi viko kusini ya Duara ya Aktiki, na ni kweli. Lakini Iceland ni moja ya nchi nane za Baraza la Aktiki, chombo cha ushirikiano wa nchi za eneo hilo, na ndege tunayemzungumzia amebeba jina la Aktiki hata kwenye jina lake la kisayansi, *Fratercula arctica*. Nitamwita pafini. Wenyeji humwita lundi, na kinda wake humwita pysja.

Pafini ni ndege wa bahari. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, na wakati wa kuzaa mdomo wake hupata rangi kama umepakwa na mtoto wa chekechea. Nchi kavu huja kuzaa tu. Jike hutaga yai moja kwa mwaka, ndani ya shimo refu kwenye mteremko wa nyasi juu ya majabali, na kinda hulishwa samaki humo gizani kwa muda wa wiki sita hivi. Kisha siku moja hutoka peke yake, usiku, bila kuonyeshwa njia na baba wala mama, na kuruka kwa mara ya kwanza maishani. Hutoka usiku kwa sababu mchana shakwe wanamngoja. Njia yake ni mwanga: usiku, upande wa bahari ndio huwa na nuru, ya mwezi na ya upeo wa macho.

Sasa weka mji hapo katikati, na taa zake za bandari, za barabara na za kiwanja cha mpira. Kinda anafuata mwanga kama alivyoumbwa kuufuata, anaangukia lami, na kutoka kwenye lami iliyo sawa ni shida kwake kuruka tena. Anajificha chini ya gari. Paka wapo, magari yapo. Kasa wachanga wa pwani yetu hupotezwa na taa za hoteli kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao hutambaa na huyu huruka.

Kwa vizazi kadhaa sasa, watoto wa Heimaey hutoka na tochi na maboksi ya kadibodi kila mwisho wa Agosti na Septemba, huokota makinda, huwalaza usiku mmoja, na kesho yake huwaachia baharini. Tangu 2003 kazi hiyo ina utaratibu rasmi wa kuhesabu na kupima uzito. Si kila mwaka kuna wa kuhesabu. Katikati ya miaka ya 2000 samaki wadogo wembamba ambao pafini huwalisha watoto wao, wanaoitwa sandsíli, walipungua sana upande huo wa Iceland, makinda wakafia mashimoni, na ikawa miaka ambayo watoto walizunguka mji mzima na kurudi na maboksi matupu. Mama mwenyeji wetu anaikumbuka miaka ya shibe na ile ya njaa, na ndiyo maana kila kinda bado anamhesabu kwa sauti.

Tulikuwa nani

Dada yangu anaishi Iceland. Mimi nilikuwa mgeni wake kutoka pwani, wiki yangu ya tatu nchini. Mwishoni mwa juma moja mwanzoni mwa Septemba nilivuka kwa feri na wapwa zangu wawili: wa kwanza, miaka 13, nitamwita Mpwa, na kitinda mimba, miaka 6, nitamwita Kitinda. Tulifikia kwa rafiki wa familia, ambaye binti yake wa miaka 9 nitamwita Mwenyeji Mdogo. Mpwa anazungumza Kiswahili na mama yake na Kiiceland kila mahali pengine. Mwenyeji Mdogo alikuwa na Kiiceland tu na vineno vichache vya Kiingereza. Mimi Kiiceland sikuwa nacho kabisa. Kwa hiyo kila neno kati yangu na yeye lilipita kinywani mwa Mpwa. Ukweli huo ushike, tutaurudia.

Kwa nini niwepo? Sheria ya Iceland hairuhusu mtoto wa miaka 12 au chini yake kuwa nje bila mtu mzima baada ya saa mbili usiku, ikishafika Septemba. Wa miaka 13 hadi 16 mwisho wao ni saa nne. Makinda huanza kuanguka giza likishashika. Usiku huo mama mwenyeji alikuwa zamu ya kazini. Mimi, basi, nilikuwa kibali chenye leseni ya udereva, basi.

Mama yule, akiwa mlangoni anavaa koti, aliniachia maagizo manne kwa Kiingereza. Vaeni glavu (homa ya ndege iligunduliwa Iceland mwaka 2022, na hata bila homa, mafuta ya mikono huharibu manyoya). Boksi moja, ndege mmoja, wawili wakizidi. Msiwape chakula wala maji. Wawekeni penye baridi. Niliyasikia yote manne. Yalipohitajika, nilikumbuka mawili.

Mchana wake, dukani, Mwenyeji Mdogo alikuwa ameomba maboksi kumi. Mwenye duka alikuwa tayari kutoa. Nikaona gari litajaa, nikasema manne yanatosha.

Usiku wa kwanza, kwa mfuatano

Tulitoka saa tatu na nusu. Ndani ya nusu dakika Mwenyeji Mdogo alikuwa amegawa kazi: yeye ni wa kukamata, Mpwa ni wa maboksi na daftari, Kitinda ni wa tochi, mimi ni wa gari. Hakuniuliza.

Kinda wa kwanza tulimkuta bandarini, nyuma ya mapipa ya plastiki ya samaki. Mtoto yule alimwendea kwa nyuma, polepole, akainama, akazungusha viganja viwili juu ya mabawa, akamwinua na kumtia boksini. Hakumkimbiza wala hakupiga kelele. Wa pili alikuwa karibu na kiwanja cha mpira, kazi ikawa ile ile.

Wa tatu nilimwona mimi. Nikamkimbilia na koti mkononi kama mtu anayefukuza kuku wa Idi, naye akaingia chini ya gari lililoegeshwa. Mwenyeji Mdogo hakukasirika. Alimwambia Kitinda azime tochi, tukasimama gizani, kimya, dakika tatu au nne hivi. Kinda akatoka mwenyewe. Wa nne alikuwa ameegemea ukuta wa shule, mdogo kuliko wenzake, mwepesi hata kwa macho.

Maboksi yakawa yamekwisha na saa ilikuwa bado haijafika tano.

Wa tano tukamweka pamoja na wa kwanza, wa sita pamoja na wa pili. Mpaka hapo tulikuwa bado ndani ya maagizo, kwa shida. Kisha tukapita tena bandarini, na kwenye ukingo wa gati, mwanga wa tochi ukamwangukia wa saba. Tumbo lake halikuwa jeupe. Mafuta ya mashine yalikuwa yamemshika toka kifuani hadi miguuni, manyoya yamegandana.

Nilikuwa na njia mbili. Moja, kurudi nyumbani kutafuta boksi jingine au hata ndoo, dakika kumi kwenda na kurudi. Ya pili, kumtia katika boksi mojawapo na kumaliza kazi. Kitinda alikuwa anasinzia kwa kusimama, ndege anatetemeka, na mimi meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. Nikachagua ya pili, nikafungua boksi la wa kwanza na wa tano kwa sababu ndio waliokuwa wametulia.

Mwenyeji Mdogo akasema sentensi moja, ndefu kiasi.

"Anasemaje?" nikamuuliza Mpwa, huku ndege tayari yuko nusu ndani ya boksi.

Mpwa akatazama viatu vyake. "Anasema… ni mchafu sana."

Nikafunga kifuniko.

Nyumbani nilipanga maboksi yote manne sebuleni, kando ya hita. Nje ilikuwa nyuzi saba. Mwenyeji Mdogo akasema tena neno kwa Mpwa, Mpwa hakunigeukia. Kitinda akaomba kumpa mmoja maji kwa kifuniko cha chupa. Nikamwachia, kwa kuwa alikuwa ameshika tochi usiku kucha bila kulalamika. Kinda hakunywa, akalowa kifua tu. Mwenyeji Mdogo akaingia chumbani kwake bila kuaga, akafunga mlango.

Saa saba na robo Mpwa aliniamsha. "Mjomba, samahani. Wanahema."

Tulifungua. Midomo wazi, mabawa yameachana na mwili, vifua vinapanda na kushuka. Ndege huyu ameumbiwa maji ya baridi: manyoya mazito, na chini yake akiba ya mafuta ya mwili ambayo ndiyo chakula chake cha siku za kwanza baharini. Ukimweka kando ya hita ni kama kumvika mtu blanketi tatu kisha kumlaza jikoni. Tukawabeba hadi gereji, penye sakafu ya saruji na upepo mdogo chini ya mlango. Baada ya nusu saa walitulia.

Tulikaa pale juu ya ndoo zilizopinduliwa. Ndipo Mpwa akaniambia alichosema Mwenyeji Mdogo bandarini: ukimweka wa mafuta na wengine, wote watakuwa wa mafuta. Na sebuleni alisema hapa ni moto, wapelekwe gereji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mjomba," akasema.

Asubuhi

Mama mwenyeji alirudi kutoka zamu, akafungua boksi la watatu, akalifunga. Hakusema kitu. Akaweka mizani ya jikoni mezani.

Tulipima wanne wa maboksi mengine, Mpwa akiandika: gramu 281, 264, 259, na yule mwepesi wa ukuta wa shule, 178. Wale watatu wazito walikuwa na uzito wa kuwapeleka baharini. Wa 178 hakuwa nao. Katika boksi la mafuta, wa kwanza na wa tano walikuwa na madoa meusi kifuani na kwenye bawa.

Hapa nilitaka kusaidia kwa mara nyingine: nikaomba sabuni ya vyombo. Mama akakataa, na akaeleza. Manyoya ya ndege wa bahari hushikana kwa vijindoano vidogo mno, na mshikano huo ndio unaozuia maji yasifike mwilini. Mafuta huuvunja, maji ya baridi hupenya, na ndege hufa kwa baridi akiwa anaelea, au kwa sumu anapojisafisha kwa mdomo na kuyameza. Ukimwosha ovyo, unamalizia kilichobaki. Lazima aoshwe na wanaojua, asuuzwe mpaka sabuni yote iishe, kisha akae mpaka manyoya yarudi kushikana. Akawachukua wanne, watatu wa mafuta na mwepesi mmoja, akawapeleka kwa wanaotunza ndege mjini.

Watatu wazima tuliwapeleka upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye jabali, upepo ukitoka baharini. Mama alichora mstari kwa kisigino chake nyasini, mtoto havuki. Namna ya kumwachia ni kumrusha. Si kumdondosha: unamshika kwa viganja viwili, unambembea kutoka chini, unamtupa juu, upepo umpokee. Mpwa alimrusha wa kwanza kama mtu anayerudisha sahani ya mwenyewe kabatini, na ndege akatua nyasini mguuni pake. Mwenyeji Mdogo akacheka, ndicho kicheko chake cha kwanza tangu jana usiku. Mara ya pili Mpwa alibembea kweli. Kinda akashuka kidogo, tukashika pumzi, kisha mabawa yakaanza kupiga haraka haraka kama feni, akaenda chini chini juu ya maji hadi akawa nukta.

Kitinda hakuruhusiwa jabalini. Wake alimwachia ufukweni, kwenye maji ya kina kifupi. Hakuruka, alielea, akapiga kasia kwa miguu, akazama, akaibukia mbali. Kitinda aliona ameibiwa onyesho.

Njiani kurudi Mpwa alimuuliza mama mwenyeji kama ni kweli babu wa hapa hula lundi. Akasema ndiyo, tangu zamani, huvuliwa kwa wavu wenye mpini mrefu juu ya majabali, ingawa siku za kuruhusiwa zimepunguzwa sana. Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama mvua ilinyesha jana. Nilipenda hilo. Huruma ya watu wa kisiwa kile haijamgeuza ndege kuwa mwanasesere.

Matokeo

Watatu walirudi baharini siku hiyo. Mwepesi alilishwa samaki kwa siku kadhaa, akaongezeka, akaachiwa. Wawili waliopakwa madoa na mwenzao walioshwa na kukaa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuachiwa. Habari hiyo nilipelekewa kwa simu nikiwa nimeshaondoka kisiwani. Yule wa saba, mwenye mafuta hasa, alikufa siku ya pili. Huenda angekufa vyovyote. Wale wawili, hata hivyo, walikuwa wazima nilipowakabidhiwa, na wiki zao mbili za kifungo ni gharama ya boksi moja la kadibodi nililoliacha dukani.

Uchambuzi: kilichokwenda vizuri

Kilichokwenda vizuri kilikuwa cha watoto karibu chote. Mgawo wa kazi ulikuwa wazi, na kila mmoja alikuwa na kazi inayolingana na mikono yake. Tochi si kazi ya kumridhisha mtoto mdogo, bila tochi hakuna kinda. Kuzima mwanga na kungoja kulifanya kazi pale nguvu zangu ziliposhindwa. Mstari wa jabalini ulichorwa kabla mtoto hajaisogelea hatari.

Na mizani. Nilidhani kupima ni mchezo wa kuwafundisha watoto hesabu. Sivyo. Makinda saba hawaokoi aina nzima ya ndege, wala maelfu ya mwaka mzuri hawatoshi iwapo bahari haina samaki. Lakini uzito wa makinda, ukikusanywa mwaka baada ya mwaka, husema bahari ililishaje msimu huo. Mtoto anayeandika 178 kwenye daftari ameleta habari kutoka mahali ambapo mtu mzima hawezi kwenda kuuliza. Kwa maoni yangu, ukilazimika kuchagua kati ya kumfundisha mtoto kurusha na kumfundisha kupima vizuri, anza na mizani.

Uchambuzi: kilichoharibika

Makosa ya vitendo ni rahisi kuyataja. Maboksi yalikuwa machache kwa sababu nilipima wingi wa ndege kwa ukubwa wa buti la gari. Baridi niliipima kwa ngozi yangu, ya mtu aliyezaliwa penye joto, ambaye kwake kumpa kiumbe joto ndiyo maana yenyewe ya kumhurumia. Maji nilimruhusu Kitinda kwa sababu nilitaka kumfurahisha Kitinda. Ndege hakuingia katika hesabu hiyo hata kidogo. Katika yote matatu nilimtazama ndege na kujiona mwenyewe.

Makosa haya yangeweza kusahihishwa papo hapo, usiku ule ule. Aliyejua alikuwepo. Alisema mara mbili.

Kimya cha mkalimani

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi nikifikiri, na ndicho kilichonifanya niandike.

Mpwa hakusema uongo kwa hila. "Ni mchafu sana" lilikuwa kweli. Alifanya kile ambacho watoto wa wahamiaji hujifunza mapema, wanapowafasiria wazazi hospitalini, shuleni na benki: kukata kona za maneno ili mkubwa asiumie, asifedheheke, asigombane. Wana ustadi huo kuliko wakalimani wa kulipwa. Juu ya hapo alikuwa na malezi yetu. Mtoto hamkosoi mkubwa, tena mbele ya watu, tena mjomba. Nani alimfundisha? Nakumbuka vizuri, alipokuwa na miaka minane, wamekuja likizo, nilimkemea kwa "kujibu wakubwa". Alikuwa ameniambia nimepita kona ya nyumbani kwao. Na kweli nilikuwa nimeipita.

Kisha tazama swali langu lenyewe: "Anasemaje?" Nililiuliza ndege akiwa nusu ndani ya boksi. Mtoto mwenye akili huona kwamba uamuzi umekwisha kutoka na kinachoombwa ni baraka. Mpwa alinipa nilichoomba.

Upande wa pili alikuwako mtoto wa malezi tofauti kabisa. Iceland watu huitana kwa jina la kwanza, mwanafunzi na mwalimu wake vilevile, na mtoto wa miaka tisa kumwambia mtu mzima "si hivyo" si utovu wa adabu, ni mazungumzo. Alisema, hakujibiwa. Akasema tena, hakujibiwa. Kwa Mpwa kimya kile kilikuwa heshima. Kwa Mwenyeji Mdogo kilikuwa dharau, na mlango uliofungwa bila kuaga ndio ulikuwa jawabu lake. Nami, niliyekuwa katikati ya hao wawili, nilidhani amechoka.

Sisemi tufute shikamoo. Nimeamkia wazee maisha yangu yote na sina mpango wa kuacha. Ninachosema ni kwamba tunacho tayari, kwetu, kielelezo kingine cha mdogo kumwamuru mkubwa. Kwenye jahazi, kijana aliye omo akipiga kelele kwamba kuna mwamba, nahodha aliye tezi hamuulizi ana umri gani wala hamwambii aanze na samahani. Anageuza usukani, kisha anauliza. Heshima ya nahodha haipungui. Na tunasema mkubwa ni jalala. Methali hiyo nimeitumia mara nyingi, kila mara kwa wakubwa wengine.

Zipo sababu za kumlaumu mama mwenyeji pia, angeweza kuniandikia maagizo yake badala ya kuyasema huku akivaa koti. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema niandike hivyo. Lakini karatasi isingetatua jambo la pili. Mafuta hayakuwamo katika maagizo manne. Yalikuwa kichwani mwa mtoto.

Usiku wa pili

Tulirudi kesho yake. Maboksi kumi na moja, moja limechorwa msalaba mweusi kwa ajili ya mafuta, na gereji imefagiliwa. Badiliko kubwa lilikuwa neno moja, *stopp*, ambalo Waiceland hulitumia na sisi sote tulilielewa bila mkalimani. Mtoto yeyote akilisema, mtu mzima anaachia alichoshika au anatulia alipo, kisha ndipo anauliza. Asipokuwa na sababu nzuri, hakuna wa kumcheka.

Tulifanya mazoezi mezani kwa kiazi. Mimi nilijifanya kukitia kiazi kwenye boksi la msalaba, na Mpwa alitakiwa anizuie. Mara ya kwanza alisema, "Mjomba, samahani, *stopp*." Nikamwambia aondoe samahani. Akaondoa, lakini akabaki na mjomba. Mara ya tatu alisema neno lenyewe tu, halafu akatazama mlango kama mtu anayengoja mama yake aingie. Mwenyeji Mdogo alikuwa anaangua kicheko. Kitinda alilisema mara kumi na tano bila sababu yoyote na kila mara niliweka kiazi chini.

Tukatoka, tukaingia garini. Nilikuwa sijawasha hata mashine.

"*Stopp*," akasema Mwenyeji Mdogo kutoka kiti cha nyuma.

Nikaondoa mkono kwenye ufunguo. Akaelekeza kidole chini. Kitinda alikuwa ameshafungua mlango, amepiga magoti kwenye changarawe, anamulika chini ya gari, tairi moja moja, kwa utaratibu wa fundi. Tulimngoja.

Hapakuwa na kitu. Akapanda, akafunga mkanda, nikawasha gari.